Jibu: Babu mzaa babu wa mume wangu alitoka sehemu gani ya Ayalandi?

Dada, umesema sensa ya 1900 na ya 1910 kule Chicago zote zimeandika "Ayalandi" basi, bila kaunti. Ni kawaida, karani alitakiwa kuandika nchi tu. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921.

Hamia kwenye kadi za kuandikishwa jeshini Marekani wakati wa vita vya dunia, ila angalia tarehe. Kadi ya Juni 1917 inauliza mtu alizaliwa mji gani. Ya Septemba 1918 haiulizi kabisa, inataka jina la ndugu wa karibu (nalo si haba: akiwa dada aliyeolewa, umepata ukoo mwingine wa kufuatilia). Kama mzee alizaliwa kati ya Aprili 1877 na Februari 1897, na alikuwa hai mwaka 1942, tafuta kadi ya Aprili mwaka huo. Hiyo inauliza mahali pa kuzaliwa.

Umri ukipishana miaka miwili mitatu, au jina la ukoo likipoteza ile O' ya mbele (O'Brien ikawa Brien), usimtupe mtu. Linganisha majina ya watoto.

Halafu rudi kwenye ile sensa ya 1900, safu ya mama: amezaa wangapi, wako hai wangapi. Ikiandika 9 na 5, wale wanne waliokufa watafute kwenye vitabu vya mazishi vya parokia.

Ukishapata kaunti, sensa za Ayalandi za 1901 na 1911 ziko bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa zao.