Joto, halijoto au jotoridi?

SWALI: Nasomea uhandisi hapa Iyunga, Mbeya. Naandika kwa Kiswahili maelezo ya hadubini yenye ncha ndogo mno, inayopita juu ya saketi ya umeme na kuonyesha ni wapi pamepata moto. Niseme inapima joto, halijoto au jotoridi? Na kule kupita mstari kwa mstari, niite kuskani tu?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye mazungumzo neno joto linabeba yote, na sina ugomvi na anayesema "joto la Mbeya leo nyuzi 9". Kwenye kifaa chako, hapana.

Joto, moto na kuota, kama tunavyoota moto jioni za Juni huku, ni maneno ya shina moja. Anayeota moto anapokea kitu kinachotoka kwenye makaa na kumwingia mwilini. Hicho ndicho joto: huhama. Halijoto haihami, ni hali ya kitu, nayo ndiyo isomwayo kwa nyuzi. Kaa karibu na jiko la mkaa uone. Cheche ikikurukia mkononi, halijoto yake ni ya juu kuliko ya maji yanayochemka sufuriani, ambayo kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini cheche inakudonoa tu ikazimika, kwa sababu joto inaloweza kukupa ni haba. Maji hayo yakikumwagikia, ni hospitali.

Ncha yako ni ndogo kuliko cheche. Wanasayansi Williams na Wickramasinghe walipoeleza kifaa cha namna hii mwaka 1986, walitumia ncha yenye themokapo, yaani kiungo cha metali mbili tofauti kinachotoa umeme kidogo kulingana na halijoto. Nyingine hutumia waya wa platinamu, ambao ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, hupanda unapopata moto. Kilele cha ncha za leo huweza kuwa cha makumi ya nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Ikigusa saketi, joto linahamia kwenye ncha na halijoto ya ncha inapanda. Inayosomwa kwanza ni halijoto ya ncha yenyewe. Ya saketi hukokotolewa baadaye. Sasa yaandike hayo kwa neno joto peke yake: "joto linahama, joto linapanda, joto la ncha si joto la saketi". Msomaji kashapotea.

Jotoridi si kosa. Limeundwa kwa joto na baridi, na utalikuta vitabuni. Mimi nachagua halijoto kwa kuwa linajitaja lenyewe kuwa ni hali. Ila ulitendee haki kwenye upatanisho: halijoto *ya* saketi *imepanda*. Nakutana kila mara na "halijoto limepanda", na linaniuma, kwani anayeandika hivyo bado ana joto kichwani.

Kuskani tuliachie steshenari, ambako mwanga unapita juu ya karatasi bila kuigusa. Ncha yako inagusa, kama mkono unaotafuta kiberiti gizani. Huko ni kupapasa. Panzi ana vipapasio, basi kifaa chako nacho kiwe na kipapasio cha joto. Hapo joto ni sahihi kabisa, maana ndilo linalokifikia.

Ningeandika hivi: "Kipapasio cha joto hupapasa uso wa saketi mstari kwa mstari, na halijoto ya kila nukta huchorwa kwa rangi."