Ukitaka kukaa gesti ya baharini Jambiani, angalia mwezi wa angani kwanza

Jamani naandika hii kwa sababu kila mwezi wa kumi na mbili ukikaribia napigiwa simu na wenzangu wa kazini, "we ulimpeleka wapi mama yako ule wakati, tupe namba", na mi naanza kuelezea upya kwa kila mtu. Basi niandike mara moja.

Mi ni nesi, nipo Dar, na zamu za usiku ndo maisha yangu. Mwaka ule baba alifariki baada ya kuugua miaka mitatu, na mama ndo alikuwa anamuuguza kule Tukuyu, kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, na hakuwahi kulalamika hata siku moja. Msiba ulipoisha nikamchukua aje kwangu apumzike, kumbe ndo nimemleta kwenye kelele, baa upande huu, spika za mahubiri upande ule, bodaboda usiku kucha, afu mi naenda zamu anabaki peke yake. Alikuwa haongei. Anakaa kwenye kochi na khanga yake mabegani, anaangalia ukuta, ukimuuliza unataka nini mama, anasema sitaki kitu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumpeleka hoteli kubwa, zile unalipia kila kitu unavishwa bangili ya plastiki mkononi, maana niliwahi kwenda moja kule kaskazini ya Unguja na wenzangu. Chakula kilikuwa kingi kweli, ila muziki mpaka saa sita usiku, kila saa mtu anakuja na kipaza sauti twendeni mpira wa majini, twendeni kucheza, na tuliporudi Dar nililala siku nzima kwa uchovu. Nikajua pale mama atakaa chumbani tu siku zote. Dada mmoja tunafanya naye kazi, kwao Makunduchi, ndo akaniambia mpeleke Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kuna nyumba ya bi mkubwa mmoja ina vyumba vitano tu, unalipa kitanda na chai, basi. (Nikisema gesti hapa simaanishi zile za karibu na stendi. Ni nyumba ya mtu, mwenyewe anaishi humohumo, kuta za mawe ya matumbawe, kibaraza, mchanga, bahari.)

Safari haina ugumu. Boti ya asubuhi kutoka Dar ni kama masaa mawili, usisahau kitambulisho maana bila hicho hukati tiketi, afu pale mjini Unguja tukapanda daladala namba 309 inayoenda Jambiani, inasimama kila kijiji, watu wanapanda na madumu na mafungu ya ndizi, ukipita msitu wa Jozani unaweza kuwaona kima punju wanavuka barabara. Mama alikaa dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anageuza shingo kuangalia kitu.

Tukafika kama saa sita mchana na nilichokiona pale kilinivunja moyo kabisa. Bahari haipo! Yaani mchanga, majani ya baharini, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu kwenye matope, na maji yenyewe ni mstari mweupe huko mbali kwenye mwamba. Nimemtoa mama wa watu Dar kwa nauli yote hiyo nikamwonyeshe bahari na bahari imeondoka. Bi mkubwa akaniona uso, akaniambia, "Usihuzunike mwanangu, hii bamvua. Saa kumi na moja yatakuwa hapa ukutani yanakugongea." Na kweli, saa kumi na moja jioni mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta wa kibaraza, tumekaa juu na mama na vikombe vya chai, maji ya kijani yamejaa mpaka huoni kama kuliwahi kuwa na mchanga.

Hii ndo nataka muielewe kabla ya kulipa hata shilingi. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yanakupwa mbali sana, na ni mwezi unaoamua saa ngapi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tu, na siku chache zinazofuata, ndo bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti inafika karibu mita nne. Siku hizo yanajaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakupwa saa nne au saa tano. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hayapandi sana hayashuki sana, na yanajaa kama saa nne asubuhi. Na kila siku saa inasogea mbele karibu dakika hamsini. Kwa hiyo kama unachotaka ni kuogelea asubuhi baada ya chai, nenda mwezi ukiwa nusu. Kama unataka kutembea mpaka karibu na mwamba, uone samaki wadogo kwenye vidimbwi, uone kina mama wanaolima mwani, yale majani ya baharini, nenda bamvua. Watu wengi wanachagua tarehe kwa kuangalia likizo ya bosi tu, wanafika wanakuta mchanga, wanarudi wanasema Jambiani pabaya.

Na kaeni angalau usiku tatu, nawaomba. Usiku wa kwanza mwili bado uko Dar, unashtuka shtuka, unaangalia simu. Mi usiku wa pili ndo nililala masaa tisa bila kuamka, na zamu za usiku zilishaniharibu usingizi kwa miaka.

Sasa chai. Kule hawasemi kifungua kinywa, wanasema chamshakinywa, na pale kwa bi mkubwa hakikuwa cha kwenye menyu. Unaamka unakuta alichoamka nacho yeye. Siku ya kwanza mkate wa kumimina na chai ya mchaichai, siku ya pili mbaazi za nazi na maandazi, siku ya tatu vitumbua na papai na mayai. Meza moja tu ndefu kibarazani, wote mnakaa hapo, tulikuwa sisi na mzee na mkewe kutoka Ujerumani ambao walikuwa wanasalimia "shikamoo" kila mtu hata mtoto. Saa kumi na mbili na kitu jua linatoka baharini moja kwa moja mbele yenu, na hapo ndo uzuri wa upande ule.

Asubuhi ya pili niliamka mama hayupo kitandani. Roho ikaniruka. Nikatoka mbio, nikamkuta jikoni nyuma ya nyumba amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, bi mkubwa anakanda unga pembeni, wanaongea. Yaani mama yangu anaongea. Anamwelezea habari za baba, jinsi alivyokuwa hataki kulishwa na mtu mwingine, na yule bi mkubwa anamsikiliza tu, anaitikia "ehee dada yangu, ehee". Na yeye alimzika mumewe, alikuwa mvuvi. Nilirudi chumbani taratibu nikalia, maana wiki sita nzima nilikuwa najaribu kumfanya aongee na nilikuwa sijui kwamba alihitaji kupewa nazi akune.

Ndo maana nawaambia tafuteni nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo. Hoteli ingemwambia mama akae, wewe ni mgeni. Mtu kama mama yangu, aliyefanya kazi maisha yake yote, ukimkalisha tu anazidi kuumwa.

Siku ya tatu bi mkubwa akamkabidhi kwa jirani yake wakaenda mwanini. Kilimo cha mwani kilianza ufukwe ule wa Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo wanaofanya wengi ni wanawake, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba zinafungwa kwenye vijiti chini ya maji, baadae wanavuna na kuanika. Wanakwambia zamani walipanda sana ile aina nene yenye bei nzuri, ila maji sikuhizi yana joto inakufa, wamebaki na ile nyembamba ya bei ndogo. Mama alirudi amelowa mpaka kiunoni, ananiambia hawa watu wanalima kama sisi tu, ila shamba lao linafunikwa mara mbili kwa siku. Alinunua sabuni za mwani kumi. Nanyi mkienda nunueni, zinatengenezwa na walewale mnaowaona.

Mambo mengine haraka haraka. Kabla hujalipa piga simu uongee na mwenye nyumba mwenyewe, uliza jirani kuna baa au hakuna, uliza kuna neti na feni, uliza maji ya bombani ni ya chumvi kiasi gani maana visima vya kule vingi vina chumvi na nywele zinakuwa ngumu. Uliza bei ya Mtanzania, usione haya, sehemu nyingi ipo ila hawakwambii usipouliza. Beba keshi. Kijijini vaa khanga au dera, suti ya kuogelea iishie ufukweni, na Ramadhani usitembee unakula barabarani mchana. Aprili na Mei ni masika, bei inashuka sana lakini sehemu nyingi zinafunga kabisa. Kusi ikivuma, Juni mpaka Septemba, kuna upepo mkali upande ule, hewa ni nzuri na ya baridi ila usitegemee maji yaliyotulia.

Na viatu! Usitembee peku maji yakikupwa. Mi nilikanyaga wale viumbe weusi wenye miba kama sindano, miba mitatu ikakatikia kisiginoni, unesi wangu wote sikuwa hata na kibanio. Kijana mmoja wa pale akachuma papai bichi, akanipaka utomvu, akaniambia tulia, na kesho yake ilikuwa imelainika ikatoka. Pia ukienda mbali kuelekea mwambani nenda na mwenyeji, kwa sababu maji yakianza kurudi yanapita kwanza kwenye mikondo ya nyuma yako, unageuka unakuta kati yako na nchi kavu kumejaa.

Tulikaa usiku nne. Asubuhi ya kuondoka bi mkubwa alimfungia mama nazi mbili na mkate wa kumimina kwenye gazeti, wakashikana mikono muda mrefu pale kwenye daladala mpaka konda akaanza kupiga bodi.

Mama alirudi Tukuyu mwezi uliofuata. Juzi kanipigia usiku, kule kwao mvua ilikuwa imekatika na mawingu yamefunguka, akaniambia, "Nimeuona mwezi, umejaa. Kesho kutwa saa kumi na moja maji yatakuwa ukutani kwa dada." Akaniuliza likizo yangu inaanza lini.