Maswali ya Wasomaji: Saa Janja kwa Anayeanza

Nimeanza kukimbia jioni ufukweni. Saa janja zipo za kila bei, sijui nichukue ipi. Simu yangu ni Android. — Msomaji, Lindi mjini

Anza na simu. Apple Watch inahitaji iPhone, kwa hiyo hiyo isikusumbue. Kwa nyingine, kabla hujalipa, pakua programu ya saa hiyo palepale dukani kwa bando lako, kisha uiunganishe na simu ukiwa ndani ya programu. Wengi hupitia mipangilio ya Bluetooth, halafu programu haiioni saa na muuzaji analaumiwa bure.

Kwa mkimbiaji, uliza kuhusu GPS, yaani mfumo wa satelaiti unaoonyesha ulipo. Saa yenye GPS yake hupima umbali hata simu ukiiacha nyumbani. Nyingine huazima GPS ya simu, na zisizo nayo kabisa hukadiria kwa kuhesabu hatua. Ukitaka hatua, usingizi na mapigo ya moyo tu, bendi nyembamba ya kuvaa mkononi inatosha, na nyingi hukaa na chaji wiki nzima au zaidi. Saa zenye kioo kikubwa na programu nyingi mara nyingi huchajiwa kila siku au baada ya siku mbili.

Unapokimbia, kaza mkanda, saa ikae upana wa kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono. Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa husoma damu inavyopita chini ya ngozi. Mkanda ukilegea, mwanga wa nje huingia na namba zinarukaruka. Meseji zikiacha kufika kwenye saa, mara nyingi simu imeizima programu ili kuokoa betri. Ingia mipangilio ya betri ya programu hiyo, uiondolee kikomo.

Saa yangu imeandikwa IP68, nikaambiwa haiingizi maji. Nimeingia nayo baharini, sasa haichaji. — Mvuvi, Mikindani

Hiyo 6 ni ya vumbi. 8 ni ya kuzama kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji, kwenye maji yasiyo na chumvi. Bahari haimo. Kwa kazi yako tafuta saa ya 5 ATM au zaidi, ambayo mtengenezaji amesema inafaa kuogelea baharini. Namba hiyo ni shinikizo la maji yaliyotulia ya kina cha mita 50, si ruhusa ya kupiga mbizi mpaka huko.

Sasa izime. Futa vituo vya kuchajia, yaani vile vidoti vya chuma vya saa na vya chaja, kwa pamba yenye spiriti kidogo, sugua taratibu kwa mswaki laini, acha vikauke kabisa ndipo ujaribu. Kilichokuponza huenda ni kuchaji ikiwa na chumvi: umeme ukipita kwenye unyevu wa chumvi, vituo huliwa haraka. Ukiona mvuke ndani ya kioo, acha. Mpira wa kuzuia maji umeshapitisha, mpelekee fundi. Ukishapata nyingine, kila ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba, bila sabuni, uikaushe kabla ya chaja.

Nimepata hela ya korosho. Mama ana sukari na presha, na nimeona tangazo la saa inayopima vyote bila kutoboa kidole. Nimnunulie? — Msomaji, Masasi

Usinunue. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Zipo saa zinazoonyesha sukari kihalali, lakini namba hutoka kwenye kifaa kingine chenye sensa iliyochomekwa chini ya ngozi. Mama akipiga sindano ya insulini kwa kufuata namba ya uongo, sukari inaweza kushuka akazimia.

Presha nayo ni hivyohivyo. Saa za Samsung zenye huduma hiyo zinataka zilinganishwe na mashine ya presha ya kufunga mkononi kila baada ya wiki 4, kwa hiyo mashine utainunua tu. Saa ya bei rahisi ijaribu hivi: ivue, iweke mezani, bonyeza kipimo. Ikikutolea presha ya meza, irudishe.

Hela hiyo mnunulie mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, na ya sukari ya kutoboa kidole. Kabla ya kuchagua hiyo ya sukari, pita kwanza maduka ya dawa ya hapo Masasi uone stripu (vile vipande vya kuwekea tone la damu) za aina gani hazikosekani, maana za mashine moja haziingiliani na nyingine.