Re: Mikono inatetemeka nikishika kisu, niache upasuaji?

Usiache, daktari. Mimi bado niko mafunzoni hapa Kisumu, na wenzangu wengi walianza hivyo hivyo. Bana viwiko mbavuni, egemeza ukingo wa kiganja mahali imara, pumua. Nyumbani funga uzi kwenye mguu wa kiti, upige fundo kwa mkono wa kushoto pekee hadi usihitaji kutazama. Kwa kushona, nunua mguu wa mbuzi buchani, wenye ngozi.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ina vipengele 19. Isomwe kwa sauti hata mkubwa wako akiwa na haraka. Hapo nakusihi kabisa! Wauguzi wa thieta nao wasikilize, wameona mengi. Jioni baada ya upasuaji rudi wodini mwenyewe, umpapase mgonjwa tumbo, umuulize kama ametoa hewa ya tumboni.