Sufuria moja, walaji wote

Wiki hii mmeuliza: mtoto aliyekatazwa vyakula vingi apikiwe nini ili naye afurahie kula? Jibu langu, kutoka huku Mikindani, Mtwara, ni kwamba asipikiwe peke yake. Badilisheni sufuria ya nyumba nzima. Mtoto anayetengewa kisahani cha wali mkavu na samaki wa kuchemsha huku wenzake wanamega chapati, hata umtilie viungo gani hatauona utamu wake.

Nalea wajukuu. Wawili kati yao wana mzio. Msichana mkubwa hali korosho wala karanga. Mdogo wake kakatazwa ngano, maziwa na mayai. Hayo ni maagizo ya daktari baada ya vipimo, si ya majirani. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi mtoto akitoka kipele tu, mama anamfutia nusu ya vyakula, mtoto anakonda bure.

La ngano, maziwa na mayai halikunisumbua sana. Mapishi ya pwani hayakuzaliwa na ngano. Muhogo wa nazi, wali wa nazi, mbaazi, ugali wa mtama, samaki wa kupaka: humo hamna ngano wala maziwa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba havina ladha. Asubuhi kuna vitumbua. Mchele naulowekea usiku, nausaga na tui zito, hamira na iliki, nauacha uumuke mpaka utoe mapovu juu, kisha sukari, halafu kwenye chuma. Yai la nini? Ila vya kununua barabarani uliza kwanza, maana wapo wanaoongezea unga wa ngano ili rojo lipate wingi. Na viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi visomeni maandishi yake kabla ya kuvimwaga. Ngano na maziwa hujificha humo.

Kazi ipo kwenye korosho. Ukiwa Mtwara, kuikwepa korosho ni kama kuikwepa mvua ukiwa shambani. Msimu ukianza Oktoba kila baraza lina ungo wake, na kwenye kisamvu korosho au karanga za kutwanga ndizo zinazoleta ule uzito watu wanaousifia.

Kwa hiyo kisamvu changu nakipika hivi. Nakitwanga kilainike kabisa, nakichemsha muda mrefu, bila haraka, kwa sababu jani la muhogo lisipoiva vizuri lina sumu. Pembeni nimeshachemsha mbaazi kavu zilizolala kwenye maji. Nazisugua maganda yatoke, nazivuruga kwa mwiko mpaka ziwe uji mzito. Kisamvu kikishalainika natia tui la pili, kitunguu, nyanya chungu na kipande cha embe bichi. Kikikauka kidogo ndipo zinaingia mbaazi, na tui la kwanza mwisho kabisa, moto mdogo, nakoroga lisikatike. Uzito wa korosho unarudi kwa mbaazi, na ukali wa embe unakifanya kisamvu kisichoshe mdomoni. Mgeni mmoja aliomba nimwoneshe korosho nilizotumia. Mbaazi ni jamii moja na karanga, lakini mjukuu wangu anazila tangu udogoni na hazijamdhuru. Wa kwako muulizie kwa daktari kwanza.

Sasa kinu. Wengi wanabadilisha mapishi lakini kinu ni kile kile kilichotwanga karanga juzi. Mti unanyonya mafuta, hata ukisugua kwa mchanga hayatoki yote. Kwangu kipo kinu cha viungo na kisamvu tu, kina mchi wake, na hakiazimwi. Jirani zangu wameshanuna, wamenuna na wamesahau. Mashine ya kusaga nayo ni vivyo hivyo: aliyekutangulia kama alisaga unga wa lishe wenye karanga, wa kwako utapita kwenye mabaki yake. Unga wa mchele nautwanga mwenyewe nyumbani na kuuchekecha. Inachosha, sikatai.

Nazi je? Watu wakisikia korosho imekatazwa wananiambia na nazi niiache. Daktari aliiruhusu, na wengi wenye mzio wa korosho nazi wanaila salama. Alilonitahadharisha nalo ni embe, kwa kuwa mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Mjukuu wangu embe bivu analila, ila namenya mimi, halambi ganda.

Jambo moja msichanganye: tui si badala ya maziwa kwa afya ya mtoto. Halina madini ya chokaa ya kutosha wala protini ya kutosha. Huyu mdogo namlisha dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, nikiwakaanga na kitunguu, pilipili hoho na ndimu nyingi, anawatafuna kama bisi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habari yake ni nyingine kabisa, hiyo ni ya maziwa ya mama na ya kliniki.

Ramadhani tambi za ngano haziingii ndani. Sinia la futari linakuwa na muhogo wa nazi, vitumbua, uji wa mtama wenye pilipili manga, samaki wa kukaanga aliyepakwa kitunguu swaumu na ndimu. Wote wanachota humo humo. Kaka zao wakitamani korosho wanakwenda kuzilia kwa jirani, na kabla hawajaingia ndani wananawa mikono na mdomo kwa sabuni. Kwa sabuni, nasisitiza, si kwa maji matupu.