Ubao peke yake hautoshi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ubao wa Kanban (wenye safu za hatua za kazi, ambamo kadi ya kila kazi husogezwa safu hadi safu) mliouweka katika ofisi yenu ya uwakala wa forodha pale bandari ya Kilindini, Mombasa, haujapunguza ucheleweshaji, ilhali kila faili ina kadi yake. Naona mmechukua sura ya mfumo mkaacha kiini chake, yaani ukomo wa kazi zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Katika viwanda vya Toyota, ambako Taiichi Ohno aliuasisi utaratibu huu, kadi ilikuwa ruhusa: kipuri kipya kilitengenezwa pale tu kilichotangulia kilipochukuliwa, na pasipo kadi hapakuwa na kazi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mkiwa na faili 24 mikononi na mnakamilisha 4 kwa siku, kila moja hukaa kwa wastani siku 6. Mkizizuia zisizidi 12 na kasi ikabaki ileile, zitakaa siku 3. Foleni ya mlangoni, yaani ya faili ambazo hamjaanza kuzishughulikia, haitatoweka kwa hilo (na mteja anayehesabu gharama za kontena bandarini hatanyamaza), ila mtaweza kumpa tarehe mnayoiamini.

Anzeni na safu ya ukaguzi wa hati, ambako umesema kadi hurundikana: wekeni ukomo wa kadi 3, na safu ikijaa, anayeandaa hati mpya asimamishe kazi yake akamsaidie mkaguzi. Faili zinazosubiri idhini kutoka nje ya ofisi zitiwe alama nyekundu yenye tarehe.