Maswali yenu ya video: Trela ya dakika 4 na laptopu inayokwama

SWALI: Habari kaka. Niko chuo mwaka wa tatu, tumeshuti filamu fupi ya dakika 22 kwa simu, inahusu binti ambaye mama yake anauza cherehani ili amlipie ada, mwishoni binti anairudisha nyumbani. Mwalimu anataka trela wiki ijayo. Naeditia DaVinci Resolve ile ya bure kwenye laptopu ya ramu 8, nikicheza klipu mbili tatu inakwama, sauti nayo inaachana na midomo, na trela imefika dakika 4 maana kila sini naona inafaa. Nifanyeje?

JIBU: Salama mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza kushuti maana wengi wanaishia kwenye skripti.

Sauti kwanza. Simu hairekodi fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kwa mwendo uleule, umeseti 30 kwa sekunde lakini mwanga ukipungua inaweza kupunguza yenyewe, na softwea ya kueditia inataka fremu zinazolingana, ndo maana midomo inaachwa nyuma. Pitisha klipu zote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, nayo ni ya bure, weka 30 na uchague fremu zisizobadilika. Alafu fungua projekti mpya, ile ya zamani iache, na useti 30 kabla hujaingiza klipu hata moja, maana Resolve inaanza na 24 na ukishaingiza vitu inakuwa mbishi kubadilika.

Laptopu kukwama ni kwa sababu faili za simu zimebanwa sana, komputa inahangaika kuzifungua kila ukibonyeza plei. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako, raiti-kliki kwenye klipu utaona sehemu yake, iache ifanye kazi we nenda kale. Kwenye kueksipoti hakikisha inatumia klipu zenyewe na sio proksi.

Sasa trela, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Dakika 4 kwa filamu ya dakika 22, hapo umeshaisimulia yote. Sinema kubwa za Marekani za saa 2 trela zake kwa kawaida hazizidi dakika 2 na nusu, wewe lenga sekunde 60. Na ile sini ya cherehani kurudi nyumbani nakuomba uitoe, najua labda ndo iliyowaliza wote siku ya kushuti, lakini mtu akishaiona kwenye simu yake, ukumbini anafuata nini?

Una kitu ambacho wengi hawana, una sauti ya cherehani. Anza na skrini nyeusi, tusikie tu tak-tak-tak kama sekunde 3 hivi, ndo tuone mguu wa mama kwenye pedali. Sindano ikigonga, kata: daftari, binti na begi lake stendi, mama anahesabu noti. Cherehani ikiongeza kasi na picha ziwe fupi, fremu 20, fremu 15, fremu 10, alafu mnunuzi anasimama mlangoni na cherehani inanyamaza. Usiweke muziki hapo. Acha sekunde 2 nzima za kimya, tuone sakafu ilipokuwa imekaa cherehani, alama za miguu yake na vipande vya nyuzi (kama hamkushuti rudini mkashuti, ni kazi ya dakika 10), kisha sauti ya binti, "Mama, cherehani iko wapi?" Hiyo sauti ianze kabla hatujaona uso wake, kwenye taimlaini itenganishe na picha uivute nyuma fremu 10 hivi. Jina la filamu, umemaliza.

Ukimaliza fumba macho uisikilize bila kuangalia. Mimi nafanya hivyo kwa kila trela ninayokata, na nikichoka kusikiliza kabla haijaisha najua bado.

Na mkirudi kushuti ndani usiku, shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni 50Hz na taa nyingi zinacheza kwenye picha shata ikiwa 1/60.

SWALI: Shikamoo kaka. Trela yetu tuliweka wimbo wa msanii wa bongo fleva, tukaandika kabisa haki zote ni za msanii, tulivyopandisha YouTube ikazuiwa. Kumtaja hakutoshi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hakutoshi. YouTube ina mtambo wa Content ID, unalinganisha sauti yako na nyimbo zilizosajiliwa, hayo maelezo mliyoandika haujali. Alafu wimbo mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili, aliyetunga na mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni lebo, kwa hiyo hata msanii akikwambia tumia tu bado hujamaliza. Na mkipeleka filamu kwenye tamasha mnaweza kuulizwa karatasi ya ruhusa. Mtafuteni mwenzenu hapo chuo anayepiga gitaa au kinanda, awapigie sekunde 60 kwa kuangalia picha zenu, na muandikiane kabla hajarekodi hata kama mnalala chumba kimoja: jina lake, jina la filamu, mtaitumia wapi, na kama kuna malipo ni shilingi ngapi, msaini pande zote.